Pima injini ya utafutaji kabla hujaiamini

Mimi ni mkutubi katika chuo cha ualimu hapa Tanga. Siku hizi wanachuo hawaniulizi sana kitabu fulani kiko rafu ipi. Wanakuja na simu mkononi: "Mwalimu, nimetafuta mtandaoni sijapata." Nikiomba nione kilichoandikwa, mara nyingi ni neno moja au mawili, katika injini ileile iliyokuja na simu, na macho yameishia kwenye matokeo matatu ya juu. Jibu lipo. Halijaulizwa vizuri, au halijaulizwa panapostahili.

Ninayoyaeleza hapa yanamfaa mwanachuo, mwalimu, afisa ugani, mwandishi wa habari na mzazi. Yanamfaa zaidi anayetafuta kwa Kiswahili, kwa sababu huyo ana kazi ya ziada ambayo miongozo mingi haimtajii.

Majina mengi, faharasa chache

Ukibonyeza kitufe cha kutafuta, injini haiendi kuizunguka dunia wakati huo. Ina programu zinazofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, zinasoma kurasa hizo na kutengeneza faharasa: neno hili linapatikana katika kurasa hizi. Swali lako linajibiwa kutoka kwenye faharasa hiyo. Kwa hiyo yaliyomo kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye kurasa zinazodai nywila, na kwenye nyaraka nyingi za zamani zilizopigwa picha bila maandishi yake kusomwa na kompyuta, huenda usiyapate hata ukiuliza kwa ustadi gani.

Kisha kuna suala la mpangilio. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, baada ya kuifanyia kazi wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine zenye uzito ustahili kukaa juu. Leo vigezo ni vingi zaidi, lakini viungo bado vina nguvu. Kijitabu kizuri cha kituo cha utafiti wa kilimo, kilichowekwa kwenye tovuti bila mtu kukiunganisha, kinaweza kukaa chini kabisa huku ukurasa uliokinakili nusunusu ukikaa juu. Ndiyo maana nawaambia wanachuo wangu wafike angalau ukurasa wa pili wa matokeo kabla ya kukata tamaa.

Jambo la kujua kabla ya kulinganisha injini ni nani anayemlisha nani. Google na Bing zina faharasa zao. Brave nayo ina yake, Mojeek ya Uingereza ina yake, Yandex ya Urusi ina yake. Lakini DuckDuckGo, iliyoanza 2008, huchota sehemu kubwa ya matokeo yake kutoka Bing. Yahoo hutegemea Bing. Startpage huonyesha matokeo ya Google bila kumpa Google taarifa zako. Ukiuliza Bing kisha DuckDuckGo, ukapata majibu yanayofanana, usiseme umethibitisha. Umemhoji shahidi mmoja mara mbili, mara ya pili kavaa shati jingine.

Uliza kwanza unachokijua

Upimaji wa mifumo ya kutafutia habari ulianza mikononi mwa wakutubi, na hilo linanipa fahari. Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha uanaanga cha Cranfield, Uingereza, aliongoza majaribio katika miaka ya 1950 na 1960 kwa njia iliyo wazi: chukua mkusanyiko wa maandiko, andaa maswali, amua mapema ni maandiko gani yanajibu swali lipi, kisha angalia mfumo utaleta nini. Wewe huwezi kuukagua mtandao mzima, lakini kiini cha njia hiyo unaweza kukitumia ukiwa na daftari na bando dogo. Kiini chenyewe ni kuuliza maswali ambayo majibu yake unayo tayari.

Andaa maswali matano ya aina tofauti.

La kwanza liwe la ukweli mmoja usio na ubishi. Mimi hutumia idadi ya watu wa Tanzania katika Sensa ya 2022, ambayo ni 61,741,120. Angalia kama injini inakupa namba hiyo, na zaidi ya hapo angalia inakupeleka kwa nani: Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe, au ukurasa uliomsikia mtu aliyemsikia mtu.

La pili liwe waraka unaojua kwamba upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafaa. Je, injini inakuletea sheria yenyewe, au habari kuihusu tu?

La tatu liwe la neno lenye maana zaidi ya moja. Andika "simba" pekee. Hapa Tanzania utajaziwa mechi, usajili na msimamo wa ligi. Hilo si kosa la injini, kwani wengi wanaoandika neno hilo wanataka klabu. Unachopima ni kama inakusikiliza ukijieleza zaidi.

La nne liwe la historia, mbali na habari za leo. Mimi huuliza ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo ulielezwa kwanza wapi. Jibu liko jirani na sisi: H. H. Storey, mwaka 1936, akifanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, huko Muheza. Injini nyingi zinajua jambo hili kwa Kiingereza. Uliza kwa Kiswahili, uone tofauti.

La tano liwe la maisha yako: bei, ratiba, utaratibu wa kupata cheti, chochote unachokijua kwa sababu umekipitia.

Sasa uliza kila swali kwa maneno yaleyale katika injini tatu zenye faharasa tofauti, kwa mfano Google, Bing na Brave. Fanya siku moja, kwenye kifaa kimoja, na utumie dirisha la faragha la kivinjari ili historia ya utafutaji wako isipendelee upande. Soma matokeo kumi ya kwanza. Kila moja lipe alama: 2 likijibu swali, 1 likigusa, 0 likiwa halina maana. Matangazo yahesabu peke yake, wala usiyape alama. Andika pia jibu zuri la kwanza lilikuwa la ngapi, kwa sababu kwenye simu yenye kioo kidogo nafasi ya pili na nafasi ya nane ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kipimo cha kwanza unachokipata ni usahihi: katika kumi, mangapi yalifaa? Cha pili ni ukamilifu, nacho ni kigumu, maana hujui mtandaoni mna kurasa ngapi nzuri kwa jumla. Njia ya kukizunguka ni hii. Kusanya kurasa zote nzuri zilizoletwa na injini zote tatu, ondoa zinazojirudia, hesabu zilizobaki. Tuseme ni 12. Injini iliyoleta 9 kati ya hizo imekupa robo tatu. Iliyoleta 4 imekupa theluthi, hata kama zote nne zilikuwa juu kabisa.

Ukiweza, mwombe mwenzako akunakilie matokeo bila kukuambia yametoka injini gani, ndipo uyape alama. Watu wana mapenzi na injini waliyoizoea, na mapenzi hayo huingia kwenye alama bila wao kutaka.

Usitarajie mshindi mmoja. Ninachokiona kwenye madaftari ya wanachuo ni kwamba injini inayoongoza kwa nyaraka za serikali si lazima iongoze kwa swali la historia. Matokeo ya kupima ni kujua uanzie wapi kwa swali la aina gani, na uende wapi ukikwama.

Kazi ya ziada ya Kiswahili

Anayetafuta kwa Kiingereza akiandika neno katika umoja, injini humletea na la wingi, maana tofauti iko mwishoni mwa neno na injini zimefundishwa hilo kwa miaka mingi. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mkulima, wakulima, kilimo, kulima, wanalima: kwetu ni ukoo mmoja, lakini injini mara nyingi huyaona kama maneno yasiyojuana. Jaribu mwenyewe sasa hivi: tafuta "mkopo wa mkulima", kisha "mikopo ya wakulima", ulinganishe ukurasa wa kwanza.

Dawa ni kumpa injini ukoo mzima, kwa kutumia OR kwa herufi kubwa:

mkopo OR mikopo mkulima OR wakulima Tanga

OR inasema "hili au lile". Ukiiandika kwa herufi ndogo inaweza kuchukuliwa kama neno la kawaida. Vitenzi vina viambishi vingi mno, kwa hiyo usivifukuzie vyote. Chagua nomino mbili tatu zinazobeba jambo lako.

Tahajia nayo. Watu wanaandika muhogo, mhogo, mihogo. Wanaandika korona na corona, na Tanzania serikali ilitumia UVIKO-19. Ukitafuta namna moja unapoteza waandishi wa namna nyingine. Na Kiswahili ni kipana kuliko Tanzania: majani ya muhogo sisi tunayaita kisamvu, lakini wenzetu wa Goma na Bukavu wanasema sombe. Mwanachuo anayeandika kuhusu lishe akaishia kwenye kisamvu amejifungia mlango wa Kongo mashariki yote.

Majina ya taasisi na nchi pia hubadilika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, imekuwa sehemu ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, tangu 2009, kwa hiyo andika TUKI OR TATAKI. Kwa mambo ya kabla ya 1964, andika Tanganyika. Ni ajabu ni nyaraka ngapi hujitokeza kwa badiliko hilo moja.

Alama chache zinazotosha

Alama za mtajo hufunga maneno yakae pamoja kwa mpangilio wake: "Sensa ya Watu na Makazi". Bila hizo injini inaruhusiwa kuyatawanya, na hata kuweka neno lingine inalodhani ulilikusudia. Kwa Kiswahili hili ni muhimu mno, kwa sababu injini hupenda kutusahihisha kwa maneno ya lugha nyingine. Funga hata neno moja kwenye alama hizo ukiona linabadilishwa.

Alama ya kutoa huondoa: simba -SC -Yanga -mechi mbuga. Isigusane na neno lililo kabla yake, iguse neno linaloondolewa. Katika DuckDuckGo hupunguza tu matokeo ya neno hilo, haiyafuti yote.

Kinyota ndani ya alama za mtajo hushika nafasi ya neno ulilolisahau: "mwenda * hajikwai". Kwa walimu wa fasihi wanaokumbuka nusu ya methali au mstari wa utenzi, hakuna kinachookoa muda kama hiki. Kinafanya kazi vizuri zaidi kwenye Google.

intitle: hutaka neno liwe kwenye kichwa cha ukurasa. filetype:pdf huleta nyaraka za PDF tu, na huko ndiko ziliko ripoti, mitaala na tasnifu. Kwenye Google, after:2020 na before:2010 hubana kwa tarehe, ila tarehe hiyo ni ya ukurasa kama injini ilivyoikadiria. Makala ya 1998 iliyopandishwa mtandaoni 2015 inaweza kuhesabiwa ya 2015.

Lakini kama utachukua moja tu katika yote haya, chukua site:. Hii huifungia injini ndani ya tovuti moja, au ndani ya kundi zima la tovuti. site:nbs.go.tz ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu pekee. site:go.tz ni serikali nzima ya Tanzania, site:ac.tz ni vyuo, na kwa Kenya ni site:go.ke na site:ac.ke. site:jamiiforums.com hukuletea mazungumzo ya watu waliopitia jambo lenyewe, ambayo si ushahidi wa kitaalamu lakini hukupa maneno wanayoyatumia, na maneno hayo ndiyo utakayotafutia tena. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Ukiandika site: go.tz umeharibu kila kitu.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Mwanachuo ametoka mazoezini Muheza. Wanakijiji wamemwambia mihogo inaonekana mizima juu, ikichimbwa ndani ina madoa makavu ya kahawia. Anataka kuandaa somo. Anaanza hivi:

mihogo inaoza

Matokeo ni mchanganyiko: upishi, uhifadhi, maswali ya watu yasiyojibiwa. Lakini ndani yake, akisoma kwa subira, anakutana na majina mawili yanayotumiwa na wataalamu wetu, batobato na michirizi kahawia. Sasa ana ufunguo:

"michirizi kahawia" OR "michirizi ya kahawia" muhogo OR mihogo OR mhogo

Hapa mambo yanabadilika kabisa. Anagundua batobato hushambulia zaidi majani, yakajikunja na kuwa na mabaka ya njano, wakati michirizi kahawia ndiyo inayoozesha mzizi huku shina likionekana zima. Anajua pia kwamba magonjwa yote mawili husambazwa na nzi weupe na kwa kupanda vipande vya shina lenye ugonjwa. Anaongeza site:go.tz, anatafuta machapisho ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. Kisha vyuoni:

muhogo OR cassava "brown streak" Tanga site:ac.tz filetype:pdf

Nimechanganya lugha makusudi. Tasnifu za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuzikwepa kwa sababu ya lugha ni kumnyima mkulima. Tafuta kwa Kiingereza, soma, kisha fundisha kwa Kiswahili. Kwa makala za majarida, nenda Google Scholar, iliyoanza 2004, na African Journals Online, ajol.info, ambayo inakusanya majarida ya Afrika na mengi yake yanasomwa bure. Kwa historia ya Amani anaandika "Storey" Amani Tanganyika cassava 1936, na somo lake linapata mzizi: ugonjwa unaosumbua shamba la jirani ulielezwa kwanza wilayani humohumo.

Sikuona hata hatua moja hapo inayodai kompyuta ya bei. Kinachodaiwa ni kusoma matokeo ya kwanza kwa nia ya kuvuna maneno, kisha kuuliza tena.

Kabla ya kubofya

Hapa nawasihi. Msimu wa matokeo ya kidato cha nne, wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu na wa matangazo ya ajira, kurasa za kuiga huzaliana, na baadhi hununua nafasi ya tangazo ili zikae juu ya tovuti halisi. Vijana wanalipa "ada ya fomu" kwa watu wasiojulikana. Kuna aliyeuza mbuzi kuzipata fedha hizo.

Soma anwani kuanzia pale mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti ulipo, ukirudi nyuma kuelekea kushoto. Matokeo ya mtihani yako necta.go.tz, mikopo iko heslb.go.tz. Jina likiishia .go.tz, pamoja na nukta yake ya mbele, kabla ya mkwaju huo, uko serikalini. Kama go.tz iko katikati, na baada yake kuna nukta na jina lingine, basi mwenye tovuti ni huyo wa mwisho. Kistari katikati ya "go" na "tz" nacho ni dalili mbaya. Wafundishe wadogo zako jambo hili kabla ya jingine lolote katika mwongozo huu.

Muhtasari unaoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo nao uupime kwa maswali yako matano, kama ulivyozipima injini. Fungua viungo ambavyo muhtasari huo umevitaja, uone kama vinasema kinachodaiwa. Kwa mambo ya Kiswahili mimi huwa sikubali mwanachuo aunukuu bila kunionyesha ukurasa uliotoka.

Picha ya mafuriko au ajali inayozunguka, ipitishe Google Lens na TinEye. Ukiikuta ya miaka iliyopita, jibu umelipata. Na kiungo kikikuambia ukurasa haupo, nakili anwani yake uipeleke web.archive.org. Ni kazi ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, na limenakili kurasa nyingi za taasisi zetu ambazo zenyewe zimeshafutwa au kuhamishwa.

Rudia kila muhula

Tunza yale maswali matano. Injini hubadilika bila kukuaga: mwaka 2011 Google iliacha kutumia alama ya kujumlisha kama njia ya kulazimisha neno, na mwaka 2024 ikaondoa viungo vya nakala za kurasa zilizohifadhiwa, ambavyo wengi wetu tulivitegemea tovuti zilipozimika. Hapa chuoni maswali yako kwenye daftari la kaunta, na kila muhula kikundi kipya cha wanachuo huyapitisha kwenye injini zilezile, kikaandika alama zake chini ya alama za waliotangulia. Anza daftari lako kwa swali la sensa, ongeza moja linalohusu kijiji chako, na uyaulize leo kwenye injini ambayo hujawahi kuigusa.